Niliyojifunza kwa Kuuliza "Umefikaje Hapa?"

Kabla hujaweka dodoso kwenye tovuti yako, nipe dakika chache. Mimi nililiweka kwanza, nikafikiri baadaye. Tovuti ilikuwa ya duka la mbegu Morogoro, na mwenye duka alitaka kujua wateja wanatokea wapi hadi kuuona ukurasa wetu wa mwanzo.

1. Neno lako si neno la mteja

Swali langu lilikuwa wazi kabisa, nilidhani: "Umefikaje hapa?" Jibu la kwanza: "Kwa basi, nimeshukia Msamvu." Nikacheka, huyu hakuelewa. Jibu la nne likataja bodaboda. Hapo nikaacha kucheka.

Nikaandika upya, safari hii kitaalamu, na machaguo juu yake: moja kwa moja, utafutaji, mitandao ya kijamii, rufaa. Rufaa! Utadhani mtu anakwenda mahakamani kununua mbegu za mchicha. Wengi walichagua "moja kwa moja", nami nikamtangazia mwenye duka kwamba wakulima wameihifadhi anwani yetu kichwani. Tukanywa soda. Wiki iliyofuata nikamwomba mzee mmoja dukani anionyeshe anavyoingia. Akafungua Google, akaandika jina la duka, akabonyeza jibu la juu. "Si unaona mwanangu, moja kwa moja." Hakudanganya. Isitoshe, chaguo hilo nilikuwa nimelipanga la kwanza. Nilipolishusha chini, likapoteza wapenzi. Tangu hapo kila mgeni anaonyeshwa machaguo kwa mpangilio tofauti, na swali linasema: "Kabla ya kufungua ukurasa huu, ulikuwa unatazama nini kwenye simu?"

2. Mashine nayo haijui yote

Nikakimbilia takwimu za tovuti. Nazo zikasema "moja kwa moja". Nilichokuja kukijua ni kwamba kivinjari huinong'oneza seva ukurasa mtu alikotoka, kwa kijistari kiitwacho Referer. Neno hilo la Kiingereza limekosewa tahajia. Lilichapwa hivyo katika kanuni za HTTP mwaka 1996 na halijarekebishwa hadi leo. (Nikikosea herufi, hujiliwaza kwa hilo.) Lakini mtu akibonyeza kiungo ndani ya WhatsApp, mara nyingi mnong'ono huo haupo, na mashine humtupa kwenye kapu la "moja kwa moja". Kumbe kapu la wasiojulikana nilikuwa nikilisoma kama kapu la waaminifu! Siku hizi kila kundi la WhatsApp nalipa kiungo chenye alama yake mwishoni.

3. Usimzibie mtu njia

Dodoso lilifunika kioo chote cha simu. Watu walibonyeza chochote ili liondoke. Lishushe chini ya ukurasa, basi.

4. Wageni wa mlango wa uani

Hili liliniuma zaidi. Miezi mitatu niliwauliza waliofika ukurasa wa mwanzo, ilhali wengi waliingilia ukurasa wa bei na huo wa mwanzo hawakuwahi kuuona. Nimekaa barazani na daftari langu, wageni wanapitia uani. Nilipohamishia swali kule kwenye bei, nikaacha na nafasi ya mtu kujiandikia mwenyewe, jibu la kwanza likawa: "Mke wangu kanitumia."

Katika machaguo yangu yote, mke hakuwemo.