Kasi na Kiasi: Jaribio la Gesi Iendayo Mbio katika Mwinuko wa Kisumu

Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara katika maandishi ya kisayansi ya Kiswahili, yaani kasi na kiasi. Mfano wetu ni jaribio la gesi iendayo mbio.

Chukua tangi la chuma, litolewe hewa kwa pampu, kisha mlangoni pake pafungwe bomba linalozidi kuwa jembamba. Pale penye wembamba wa mwisho tupaite koo. Vali ikifunguliwa, hewa ya chumbani hukimbilia ndani. Madhali shinikizo la tangini halizidi asilimia 53 hivi ya lile la nje, hewa kooni huwa imefikia mwendo wa sauti; haizidi hapo hata tangi lingekuwa tupu kabisa. Wahandisi husema mtiririko umekabwa. Hapa hatuna haja ya kukopa: koo na kukaba zimejuana zamani.

Sasa jaribio hilo lifanywe Mombasa, kisha Kisumu, joto likiwa nyuzi 30 kote kuwili. Kasi kooni ni ile ile, mita 319 hivi kwa sekunde, kwa kuwa huamuliwa na joto wala si shinikizo. Kiasi ndicho kinachotofautiana. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kilopaskali 88 hivi, ilhali la Mombasa ni 101. Kwa hiyo tangi la Kisumu hupokea hewa pungufu kwa takriban asilimia 13 kila sekunde. Mwandishi asemaye tu kwamba "mtiririko umepungua" amempoteza msomaji wake.

Isitoshe, hewa ikifika kooni hupoa hadi nyuzi 20 hivi chini ya sifuri. Unyevu wa ziwa waweza kugeuka ukungu na kuvuruga vipimo, ndiyo maana hewa ya majaribio hukaushwa kwanza.

Suala hili si la maabara pekee. Mwaka 2016 mitambo miwili ya gesi ya kuzalisha umeme ilihamishwa kutoka Embakasi hadi Muhoroni. Asikiaye "gesi" hudhani ni ile ya mtungi wa jikoni; kumbe mitambo hiyo iliwekwa ichome mafuta ya taa, na gesi inayotajwa ni hewa ya moto inayosukuma mapanga. Katika mwinuko ule, mapanga huweza kuzunguka kwa kasi ile ile ya pwani, ilhali umeme utokao ni pungufu.