Maswali ya Talaka Yataje Mali kwa Majina ya Kwetu

Ukiachana na mwenzako hapa California, sheria inakupa nguvu ambayo wengi wetu tunaiacha ipite: kumwandikia maswali akujibu kwa kiapo, na kumtaka alete karatasi zinazothibitisha majibu hayo. Huhitaji kumwomba hakimu ruhusa. Mimi nilipitia hatua hizi nikiwa na wakili niliyemlipa kwa saa, maana uwezo wa kumlipa kwa shauri zima sikuwa nao. Ninalotaka kuwaambia ndugu zangu Waswahili ni kwamba fomu za mahakama zimetungwa kwa maisha ya watu wa hapa. Zinaijua nyumba yenye mkopo wa benki, zinayajua mafao ya kustaafu. Kiwanja cha Kigamboni kilichoandikwa jina la shemeji hazikijui, wala kikoba, wala salio la M-Pesa. Usipovitaja wewe kwa majina yake, mwenzako ataona upenyo wa kuviruka.

Kabla ya yote, kila mmoja anatakiwa kumpa mwenzake orodha ya mali na madeni, kwa kawaida kwenye fomu FL-142, ndani ya siku 60 tangu awasilishe karatasi zake za kwanza mahakamani. Isome orodha hiyo taratibu, kalamu mkononi. Kisha chukua fomu FL-145, ambayo ni maswali yaliyokwisha kutungwa kwa ajili ya kesi za familia. Inapatikana bure kwenye tovuti ya mahakama, na kazi yako ni kutia alama kwenye visanduku. Usiviache viwili: kile cha mali inayoshikiliwa na watu wengine, na kile cha zawadi alizotoa bila ridhaa yako katika miezi 24 iliyopita. Kwa watu wenye ukoo mpana kama sisi, hapo ndipo penye mambo.

Baada ya hapo unaruhusiwa kutunga maswali yako mwenyewe hadi 35, na hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Kila swali libebe jambo moja tu. Ukiunganisha mawili, upande wa pili utalipinga na kukuacha mikono mitupu. Dawa yake ni kuanza kwa kuyatolea maana maneno utakayoyatumia, na sheria inataka neno la aina hiyo liandikwe kwa herufi kubwa kila linapotokea. Maswali yenyewe yanakwenda kwa Kiingereza, lakini maana zake nilizitoa kwenye maisha yetu. AKAUNTI niliifafanua kuwa ni ya benki, ya simu, ya chama cha kuweka na kukopa au ya kikoba, iwe kwa jina lako au la mtu anayekutunzia. ARDHI nikasema ni kiwanja, shamba au nyumba popote duniani, yenye hati au isiyo na hati. Maana hizo zikishakaa sawa, swali linakuwa fupi: taja kila ARDHI uliyotoa pesa kuinunua tangu tulipooana, hata kama jina lililoandikwa si lako. Linalofuata linauliza pesa hizo zilitoka AKAUNTI gani.

Nasisitiza habari ya jina kwa sababu ina mizizi. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani alipoteza wa nyumbani, na pamoja nao haki ya kumiliki ardhi kama raia. Ndiyo maana viwanja vingi vya watu wa huku viko kwa jina la kaka au mama. Hilo peke yake si wizi. Lakini kwa sheria ya California, mali iliyopatikana wakati wa ndoa mkiwa wakazi wa hapa kwa kawaida ni ya wote wawili popote ilipo. Hakimu wa hapa hawezi kwenda kubadilisha hati Dar es Salaam, ila anaweza kukipa kiwanja thamani yake na kukufidia kwenye nyumba au akiba iliyoko huku.

Maswali yanakuonyesha pa kuchimba. Ushahidi umo kwenye karatasi. Ombi la nyaraka halina ukomo wa 35, lakini kila kundi la karatasi lieleweke: aina gani, za akaunti ipi, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Taarifa za benki, hati za mshahara na fomu za kodi kila mtu anazikumbuka. Ongeza historia ya kutuma pesa nyumbani. Kwenye taarifa zetu za benki kampuni ya kutuma pesa ilikuwa inatokea kila mwisho wa mwezi, na benki haisemi pesa imempata nani. Niliomba risiti za kampuni hiyo. Zilipokuja zilikuwa na jina la mpokeaji, namba yake ya simu, na chini kabisa mstari wa sababu ya kutuma. Za mama mkwe ziliandikwa matumizi ya familia. Nyingine, zenye kiasi kikubwa, zilikwenda kwa jina nisilolijua, na mstari ule ulisema ujenzi.

Omba pia hati ya mauziano, ile inayosainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na taarifa ya miamala ya simu. Akijibu kwamba hana, usikubali haraka. Karatasi anayoweza kuiomba benki au kampuni ya simu inahesabika iko chini ya uwezo wake. Na akishikilia kwamba hana, sheria inamtaka aape kuwa ameitafuta kwa bidii, aseme kama haikuwahi kuwepo au imepotea, na amtaje anayeaminika kuwa nayo. Jina la shemeji linaweza kuingia kwenye jalada kwa njia hiyo. Tena haruhusiwi kukumwagia boksi la karatasi zilizochanganyika; kila karatasi ioneshe inajibu ombi namba ngapi.

Wenye kufikiri kiapo ni maneno tu wasome kesi ya Rossi. Mwaka 1996 Denise Rossi alishinda bahati nasibu, fungu lake likiwa dola milioni 1.3, akamficha mumewe na kudai talaka. Mume alijua mwaka 1999, barua ya kibiashara ilipofika kwake. Mahakama ilimpa mume fungu lote, na mwaka 2001 mahakama ya rufani ikakubali.

Maswali hayapelekwi kwa hakimu. Anayeyatuma awe mtu mzima asiyehusika na kesi, asaini fomu ya uthibitisho, nawe utunze nakala. Mwenzako ana siku 30 za kujibu, na 5 zaidi zikipita kwa posta ndani ya California. Majibu yakija yenye mapengo, mwandikie kwanza barua ya kiungwana ukieleza kila pengo. Mahakama itataka kuona ulijaribu. Hesabu siku 45 tangu utumiwe majibu yaliyoapiwa, maana zikipita hujapeleka maombi kwa hakimu, haki ya kumlazimisha akamilishe imepotea. Hati ya Kiswahili unayotaka hakimu aione iambatane na tafsiri ya mkalimani aliyeithibitisha kwa kiapo. Na kwa kuwa muda wa kuulizana unafungwa siku 30 kabla ya kesi kusikilizwa, maswali yako yatoke mapema, ili ukiona jina jipya kwenye majibu ubaki na nafasi ya kuuliza tena.