Utengeneze lita 20 au lita 100? Piga hesabu ya bechi kabla ya kununua malighafi

Chukua pakiti ya unga au ya maziwa hapo jikoni uigeuze. Karibu na tarehe ya mwisho ya matumizi utaona nambari ndogo iliyogongwa. Hiyo ni nambari ya bechi. Maana yake ni kwamba pakiti hiyo na wenzake wengi zilitengenezwa pamoja, kwa viungo vilevile na mashine zilezile, kwa mkupuo mmoja. Bechi ikiisha, mashine zinasafishwa, kisha nyingine inaanza.

Si kila kitu hutengenezwa hivyo. Fundi anayeshona gauni la harusi anashona moja tu, kwa vipimo vya bibi harusi mwenyewe. Kiwanda cha saruji, kama vile vya Athi River, kinaacha tanuri liwake usiku na mchana, kwa sababu kulizima na kulipasha moto upya ni gharama kubwa. Bechi iko katikati ya hao wawili. Na hapo ndipo walipo wateja wetu wengi wanaouza kwa till vitu walivyotengeneza wenyewe: mikate, sare za shule, matofali, yogati, sabuni.

Tuchukue sabuni ya maji, maana kila mtaa una mtu anayeitengeneza. Unakoroga ungerol na chumvi mpaka iwe nyeupe na nzito, unaongeza maji kidogo kidogo, unatia viungo vingine, rangi na marashi, halafu unaiacha mpaka povu litulie. Kawaida ni kuiacha ilale usiku kucha. Asubuhi unapakia kwenye chupa. Sasa angalia: kuosha mitungi, kupima, kungoja povu, kwenda tauni kununua viungo, kazi hizo zote unazifanya hata kama unatengeneza lita tano. Ndiyo maana watu husema bechi kubwa ni nafuu. Ni kweli, lakini ni nafuu kwa kiasi gani?

Tuseme viungo na chupa za lita 20 ni sh 1,400, na nauli ya kwenda na kurudi sh 200. Jumla sh 1,600, yaani sh 80 kwa lita. Ukitengeneza lita 100 kwa mara moja, viungo na chupa ni sh 7,000 na nauli ni ileile 200. Jumla sh 7,200, yaani sh 72 kwa lita. Bechi ndogo tano zingekugharimu sh 8,000, kwa hivyo umeokoa sh 800. Si pesa kidogo.

Lakini mfukoni una sh 1,600 pekee. Zile 5,600 zinatoka wapi? Mara nyingi ni mkopo wa simu. Tuchukue mfano wa mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 8: ada ni sh 448. Katika zile 800 ulizookoa, sasa umebaki na 352. Ukiuza lita 5 kwa siku, lita 100 zinaisha kwa siku 20, na ukilipa mkopo kwa wakati, hapo sawa. Shida ni kwamba pesa ya mauzo haikai ikingojea mkopo. Karo inaitwa, mtoto anaugua, duka kubwa linaleta sabuni ya ofa na mauzo yako yanashuka. Siku 30 zinapita, unaongezewa muda kwa ada nyingine ya 448. Jumla ya ada ni sh 896. Umepoteza sh 96 ukilinganisha na yule aliyetengeneza lita 20 kila baada ya siku nne, na yeye alilala usingizi.

Sisi tunatoa huduma za pesa kwa simu na hatuna sababu ya kukuogopesha kukopa. Tunachosema ni kwamba stoki iliyo kwenye mitungi ni pesa yako iliyofungwa. Huwezi kulipa kodi ya nyumba kwa sabuni.

Kuna hatari nyingine isiyo ya mkopo. Ukizidisha chumvi, sabuni inakuwa nyepesi kama maji, na ukishaitia huwezi kuitoa. Kosa la lita 20 linauma. La lita 100 linaweza kukufungia biashara. Kwa hivyo kila ukinunua ungerol kwa muuzaji mpya, jaribu kwanza kwenye jagi.

Njia ya katikati ipo. Anza na lita 20. Kwa bei ya sh 120 kwa lita, kila bechi ikiisha inakuachia faida ya sh 800. Bechi mbili, siku nane hivi, ni sh 1,600. Ukijumlisha na mtaji wako wa kwanza una sh 3,200, na lita 40 zinahitaji sh 3,000 tu, yaani sh 75 kwa lita. Katika zile shilingi 8 ulizokuwa ukizitafuta kwenye kila lita, umepata 5 bila deni. Sharti ni usile ile faida, na hapo tunajua si rahisi.

Ukiuza rangi mbili, anza na ile nyepesi. Tengeneza ya njano kwanza, ya kijani baadaye kwenye mitungi ileile, na uoshaji wa katikati utakuwa mdogo. Ukifanya kinyume, njano yako itatoka na rangi ya majani.

Na nambari ya bechi usiwaachie viwanda vikubwa. Andika kwa kalamu chini ya chupa, tarehe tu inatosha, na kwenye daftari andika ulitia nini na ulinunua wapi. Mteja akirudi akilalamika, utajua chupa zipi uziondoe kwenye rafu badala ya kuziondoa zote.

Kabla ya kuamua ukubwa wa bechi ijayo, fungua taarifa ya till yako ya mwezi uliopita, jumlisha mauzo ya sabuni, uongeze yale ya pesa taslimu kutoka kwenye daftari, kisha ugawanye kwa siku ulizofungua. Ukipata lita 3 kwa siku, lita 100 zitakukalia zaidi ya mwezi mzima.