Mtoto Akigeuka Rangi Anaponyonya, Chunguza Pua

Mara nyingi pua ya mtoto mchanga huzibwa na kamasi au uvimbe mdogo wa ndani, na hali hiyo hutulia. Hata hivyo, wapo wachache wanaozaliwa na pua iliyoziba kabisa. Kwao, kuchelewa kufika hospitalini ni hatari kwa maisha.

Katika wiki za kwanza mtoto hupumua hasa kwa pua. Ndiyo maana hunyonya bila kuachilia titi. Pua ikiziba pande zote mbili, hukosa hewa kila anapofunga mdomo.

Dalili

Mtoto hunyonya kidogo, huachilia titi, kisha midomo na ulimi hugeuka buluu. Akilia, hewa huingia kwa mdomo na rangi hurudi. Akinyamaza, shida huanza upya. Anayegeuka buluu akilia huenda ana tatizo jingine, kama la moyo. Kwa hivyo mzazi amweleze mhudumu ni wakati gani rangi inabadilika.

Uchunguzi

Mhudumu huweka kioo baridi au uzi wa pamba mbele ya kila tundu la pua kuona kama hewa inatoka. Kisha hupitisha mpira mwembamba. Ukikwama mlangoni, huenda uwazi wa mfupa wa mbele ni mwembamba kupita kiasi. Ukikwama nyuma, hushukiwa ukuta wa mfupa au utando uliofunga njia, hali inayompata takriban mtoto 1 kati ya 5,000 hadi 8,000. Picha ya CT ndiyo huthibitisha. Daktari pia huchunguza moyo, macho na masikio, kwani kasoro hizi wakati mwingine huandamana.

Uvimbe ndani ya pua haukatwi wala kutobolewa kabla ya picha, kwa sababu huenda umeungana na ubongo.

Ukizibwa upande mmoja tu, mtoto anaweza kukua bila kugunduliwa hadi kamasi nzito ya tundu moja imsumbue kwa miaka.

Wazazi wafanye nini?

Usitie mafuta, maziwa wala dawa za kienyeji puani. Usimlazimishe kunyonya. Akigeuka rangi, mwache alie na usimfunike uso. Mpeleke mara moja kituo cha afya kilicho karibu. Usingoje kliniki ya wiki 6. Hospitalini, kifaa mdomoni huweka njia ya hewa wazi na mtoto hulishwa kwa mpira hadi afanyiwe upasuaji.