Kabla ya Mizani, Uliza: Hiki cha Nani?

Wadogo zangu, leo tunazungumzia yadi ya skrepa.

Nimeandikiwa na binti wa Kilosa. Baba yake ana yadi ya vyuma chakavu iliyowalisha na kuwasomesha wote. Sasa magoti ya mzee yamechoka, na kazi iko mikononi mwa watoto. Kaka wawili wanavunja majengo na kukata vyuma, yeye anashika mizani na fedha. Wanataka kufungua tawi Mikumi. Lakini kaka mkubwa anachota fedha kwenye droo bila kuaga, kaka mdogo ananunua mzigo usiku kwa watu asiowajua, na yeye akihoji anajibiwa, "Wewe utaolewa, yadi hii si yako." Ananiuliza: "Dada, nibaki au niondoke?"

Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara nyingi, maana nami nimekulia kwenye lundo la vyuma. Naijua harufu ya kutu kwenye shati la baba, naijua sauti ya bati linapotupwa juu ya bati. Yadi ile ilinifunza kuuliza swali moja kabla ya kila jambo: hiki cha nani? Nitalijibu swali lako, ila kwanza tutembee na hili la kwangu.

Kutelekezwa si kukosa mwenyewe

Kwenu kumejaa chuma cha zamani. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Baadaye likachomoza tawi la kwenda Mikumi hadi Kidatu. Ukienda Kimamba na Rudewa unakuta habari za mkonge: mashine za korona, matoroli, vipande vya reli ndogo za shambani. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mengine yakaja kuuzwa tena kwa watu binafsi. Kijana akiona mashine imemezwa na majani atakwambia, "Dada, hii imetelekezwa." Mwambie shamba lina hati, na hati ina jina la mtu.

Reli nayo ni hivyo hivyo. Hata pale ambapo treni haipiti, reli, mataruma na vibanio vyake ni mali ya Shirika la Reli. Nguzo na nyaya za umeme ni za TANESCO. Alama za barabarani na vyuma vya kingo za madaraja ni vya umma. Na tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 2024, ikipita humo humo kwenye milima ya Kilosa, shaba imewasogelea zaidi. Mtu akikuletea shaba nyekundu iliyochomwa hadi plastiki imeisha, jiulize kwa nini aliona bora kuichoma kuliko kuimenya. Anayehujumu miundombinu anaweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi, na Kanuni ya Adhabu inamgusa pia anayepokea mali ya wizi. Mlango wa gereza unawatosha mwizi na mnunuzi wake.

Nayasema haya kwa uchungu. Mimi nikiwa darasa la sita, baba alinunua gunia la sufuria mbovu kwa haraka, jioni, bila kulimwaga chini. Chini ya sufuria palikuwa na vibanio vya reli. Alilala mahabusu siku kadhaa, na mama akauza mbuzi wetu wote kuhangaika naye. Hakuna aliyetuonea. Kosa lilikuwa letu, la kutouliza. Siku aliyorudi alinituma dukani ninunue kaunta buku.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nunua daftari kubwa. Kila mzigo uandike: jina la muuzaji, namba yake ya NIDA, simu, aina ya chuma, kilo, ametoa wapi, na saini. Piga picha ya mzigo na ya mwenye mzigo. Gunia limwagwe chini mchana, mbele ya watu wawili. Jua likizama, mizani ifungwe. Kaka yako mdogo atanung'unika kwamba wateja wanakimbilia kwa jirani. Waache wakimbie. Anayeogopa daftari hana biashara na ninyi.

Halafu kuna mafuriko. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ulivunja nyumba na kung'oa reli, na watu wakalala kwenye mahema. Msimu wa namna hiyo mabati hutapakaa mashambani na watu huyaokota na kuyaleta kwenye mizani. Bati lile ni paa la mtu aliye hemani. Mwaka wa maji, tumeni neno kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, wenyewe waje watambue vyao.

Mtoto si msambazaji wako

Hapa nakaza sauti. Usinunue kwa mtoto. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la mkono liliua wanafunzi na kujeruhi makumi ya wengine. Mtoto alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Mtoto huokota chuma kwa kuwa anajua yupo mtu mzima atakayekipima. Mkikataa wote, ataacha kuokota. Na mkikutana na chuma cha umbo la ajabu ndani ya mzigo, msikiguse wala kukigonga. Tokeni wote, mwiteni polisi.

Mikumi na magari ya ajali

Naelewa kwa nini mnaitamani Mikumi. Barabara ya Zambia inapita hapo, malori hayalali, na kipande cha kama kilomita 50 kinakata katikati ya hifadhi. Ajali hutokea. Lakini lori lililolala mtaroni lina mwenye kadi, lina mzigo wa mtu, pengine lina kampuni ya bima ambayo ikishalipa fidia inaweza kudai hata mabaki. Dereva hana mamlaka ya kukuuzia, wala fundi wa karibu. Subiri polisi wamalize kazi yao, uone kadi, ulinganishe namba ya chesisi, mwandikishane. Ndipo mtungi wa gesi ushushwe.

Tawi nalo liwe na karatasi zake kabla ya lundo lake: leseni ya halmashauri, TIN, mashine ya risiti, na kibali cha mazingira, maana vyuma chakavu vinasimamiwa chini ya kanuni za taka hatarishi. Mizani ikaguliwe na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Kijana wa guta aliyesukuma mzigo juani tangu asubuhi, kilo zake ni zake. Ukimwibia kilo mbili leo, kesho atachanganya mawe kwenye gunia lako.

Kuvunja jengo

Kaka zako wanavunja majengo. Waulize: jengo la nani, na vitakavyotoka humo vya nani? Nondo, mabati, fremu za madirisha, milango, nyaya, vyote viandikwe kwenye mkataba kabla ya nyundo ya kwanza. Nimeona undugu na ujirani ukivunjika kwa ajili ya mlango wa mninga ambao kila upande uliamini ni wake.

Umeme ukatwe na TANESCO wenyewe, maji yafungwe. Kazi ianzie juu ishuke chini. Paa litoke kwanza, kuta zifuate, na pasiwe na mtu chini ya anayevunja. Nyumba za zamani zina mabati ya asibesto, ya kijivu, magumu kama saruji. Vumbi lake likiingia mapafuni hukaa miaka mingi kabla ya kuleta maradhi. Msiyavunje wala kuyakata. Ulizeni mamlaka ya mazingira namna ya kuyaondoa. Pipa lililobeba mafuta lisiguswe na moto hata kama mmelipindua likakauka, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unatosha kulipua. Nyaya zimenywe kwa kisu, zisichomwe, kwani moshi wa plastiki ni sumu. Na buti, glavu na miwani si mapambo ya wazungu wa mgodini. Jicho la kaka yako ni la mkewe na wanawe pia.

Shilingi ya droo

Sasa tuingie ndani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeona familia zikipotea pamoja na mali hiyo. Kaka yako mkubwa pengine haibi. Amefanya kazi tangu alfajiri, hana mshahara, anaona fedha ambayo jasho lake limo, anachukua. Mkimpangia mshahara, na wewe mshahara, na kaka yako mdogo mshahara, na mzee fungu lake la kila mwezi, droo itapata mwenyewe. Mwenyewe wa droo ni yadi. Inanunua mzigo wa kesho, inalipa Fuso ya kwenda kiwandani Dar es Salaam, inalipa kodi. Anayetaka cha ziada akope, aandikwe, akatwe.

Kila Jumamosi kaeni wote na daftari. Soma kwa sauti kilichonunuliwa, kilichouzwa, kilichobaki. Kisomeke mbele ya mzee, hata kama anasinzia.

Jibu langu

Nibaki au niondoke? Mdogo wangu, baki, lakini usibaki kama mgeni. Aliyekwambia yadi si yako kwa kuwa utaolewa hajajiuliza lile swali. Ndoa haifuti miaka uliyosimama kwenye mizani. Zungumzeni na mzee akiwa bado na nguvu ya kusema, si siku ya arobaini yake ambapo kila mmoja atakuja na kumbukumbu yake. Mwombeni aisajili kampuni BRELA, hisa zigawanywe kwa majina, lako likiwemo. Wakikataa katakata kukuandika, basi ondoka kwa salamu njema na kichwa kilichojaa ujuzi wa kazi. Huo ni wako, hakuna wa kuupima.

Jumamosi hii, mzee akishamaliza chai yake, weka daftari mezani na kalamu juu yake. Muulize kwa heshima zote: "Baba, hii ya nani?"

Kisha unyamaze, umpe nafasi aandike.

Ni mimi dada yenu.