Kabla ya Kuagiza Kitanda cha Mfumi: Pima Nguo, Mkono na Chumba

Ufumaji wa pamba kwa mikono si jambo geni Ifakara. Chama cha Wanawake Wafumaji wa Ifakara ni ushahidi wa kutosha. Kwa kikundi kinachoandaa ombi la mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, uamuzi mgumu ni upana wa kitanda. Mkopo huo hauna riba, lakini marejesho yako palepale, hata kama kitanda kilichonunuliwa hakifai.

Anzeni na nguo. Upana unaohesabika ni wa kitana, yaani lile chanuo linalopitisha nyuzi za mtande na kuupigilia mshindio. Upana wa fremu nzima usiwadanganye. Nguo nayo haitoki na upana wote wa kitana. Mshindio huzivuta kingo ndani wakati wa kufuma, kisha pamba hujikunyata tena ikifuliwa. Tuseme mnataka kikoi cha sentimita 100. Kikipungua sentimita 8 kwa kufuliwa, sharti kitoke kitandani kikiwa na 108; kingo zikivutwa sentimita 7, nyuzi zienee 115. Kitana cha 120 kitatosha, cha 100 hakitatosha. Kwa kuwa nyuzi hutofautiana, fumeni kipande cha majaribio, kipimeni, kifueni, kipimeni tena.

Kitanda kipana hufuma hata nguo nyembamba, ndiyo maana wengi hutamani kikubwa kuliko vyote. Mkono hauafiki. Mfumaji hukirusha kipande cha mti kinachobeba mshindio kwa mkono mmoja na kukipokea kwa mwingine; upana ukizidi mita moja, mwili huinama kila mrusho, mchana kutwa. Kwa upana huo, ulizeni kitanda chenye kamba ya kukirushia kipande hicho, ubunifu wa John Kay wa Uingereza wa mwaka 1733.

Chumba ndicho husahauliwa. Fremu ya kitana cha 120 yaweza kufikia sentimita 150 kwa upana, na bado panahitajika kiti mbele na njia ya kupita nyuma ili kuunga nyuzi zilizokatika. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukuta vitanda viwili vimenunuliwa kwa chumba cha mita tatu kwa tatu. Cha pili kilikaa barazani masika yote.

Mwelezeni seremala aunge fremu kwa bolti, si misumari, ili ifunguliwe mlangoni au mnapohama nyumba ya kupanga. Mtiki mkavu, unaopandwa bondeni kwetu, haupindi upesi kwa unyevu. Wanaoishi karibu na Mto Lumemo wainue miguu ya kitanda juu ya matofali kabla ya masika.

Mkishapata vipimo vya chumba, mlango na kipande cha majaribio, vipelekeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu pamoja na makadirio ya bei ya seremala.