Kifurushi cha Askari Aliye Ng'ambo: Cha Kuweka na cha Kuacha

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, za Wakenya, Watanzania na Wakongo, leo zina kijana anayevaa sare za jeshi la nchi hiyo. Wapo walioingia kwa njia ya kawaida wakiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Wengine waliingia kupitia mpango wa MAVNI, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2009 na kusimamishwa mwaka 2016, ambao ulitafuta wahamiaji wenye lugha zilizohitajika jeshini, Kiswahili kikiwamo. Kijana akishapelekwa Kuwait, Djibouti, Poland au Korea Kusini, haupiti muda mrefu kabla ya mama, shangazi au mke kuanza kutafuta boksi. Kijitabu hiki kinahusu kinachoingia ndani ya boksi hilo. Hoja yetu ni kwamba kufaa kwa kitu kunaamuliwa na mahali askari alipo na njia ambayo kifurushi kinapita kabla ya kumfikia. Bei ya kitu haiamui, na mapenzi ya mtumaji, hata yawe makubwa namna gani, hayaamui pia. Anayelikubali hili atajikuta anauliza kwanza, anatuma vitu vidogo vinavyotumika vikaisha, na anatuma mara kwa mara badala ya kujaza boksi moja kubwa kwa mwaka.

Kuuliza kwanza ni jambo la zamani. Krismasi ya mwaka 1914, Waingereza walipochanga fedha kwa jina la Binti Mfalme Mary ili kila askari na baharia apate kijisanduku cha shaba, kijisanduku cha kawaida kilikuwa cha tumbaku na kiko. Lakini waandaaji hawakukitoa hicho kwa wote. Wasiovuta waliwekewa peremende na vifaa vya kuandikia barua, askari wa Kisikh, ambao dini yao inakataza tumbaku, wakapewa sukari gandi na viungo, na wauguzi wakapata chokoleti. Ikiwa mfuko uliokuwa ukihudumia maelfu kwa maelfu ya watu, bila simu ya mkononi wala ujumbe wa WhatsApp, uliweza kujiuliza mpokeaji ni nani, familia yenye askari mmoja haina sababu ya kubahatisha. Tena maswali yenyewe ni machache: Una jokofu? Una maji ya moto? Kuna duka kambini? Mnalala wangapi chumba kimoja au hema moja? Majibu ya maswali hayo manne yanatosha kuondoa nusu ya vitu ambavyo mtu angenunua kwa kukisia.

Njia yenyewe inastahili kueleweka, kwa sababu ndiyo inayoharibu zawadi nyingi. Anwani ya kijeshi ya Marekani haitaji nchi. Ina herufi APO kwa jeshi la nchi kavu na la anga, au FPO kwa wanamaji, kisha AE, AP au AA kutegemea eneo la dunia, na mwisho nambari ya posta. Jina la nchi au la mji lisiandikwe kamwe, kwani kifurushi kinaweza kuingizwa kwenye posta ya kigeni na kupotelea huko. Mtumaji analipa gharama ya ndani ya Marekani, boksi linapitia kituo cha Chicago, linapangwa, linapanda ndege, kisha linakabidhiwa posta ya jeshi. Huenda likafika baada ya siku kumi, huenda likachukua wiki kadhaa, na kwa askari aliye kwenye kituo kidogo mbali na kambi kuu, siku za mwisho za safari hutegemea gari au helikopta yenye nafasi. Katika muda huo wote boksi linarushwa, linalaliwa na mengine, na kama linakwenda Kuwait mwezi wa Julai, linakaa ndani ya kontena wakati joto la nje limepita nyuzi 45.

Chokoleti huanza kuyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 34, kwa hiyo ile iliyotumwa kipindi hicho hufika ikiwa rojo iliyopaka soksi na barua. Jeshi la Marekani lenyewe lilihangaika na tatizo hili: mwaka 1937 liliiagiza kampuni ya Hershey itengeneze kipande cha chokoleti kinachostahimili joto, na M&M's, zenye ganda la sukari, zilipoanza mwaka 1941 zilipata wateja wao wakubwa wa mwanzo jeshini kwa sababu hiyohiyo. Basi chokoleti iachwe hadi miezi ya baridi, au itumwe kwa aliye Poland. Mandazi nayo, tunasema kwa masikitiko, hayavumilii safari hii. Yana unyevu, yana mafuta, na baada ya wiki mbili ndani ya plastiki yanaota ukungu. Chapati ni hivyohivyo. Vinavyovumilia ni karanga za kukaanga, korosho, kashata za karanga zilizokauka vizuri, chevda, majani ya chai, tangawizi ya unga, iliki, na kahawa. Kahawa ya kuchemsha kwenye birika haina maana kwa mtu asiye na birika, hivyo atumiwe ile inayoyeyuka kwenye maji ya moto, au iliyofungwa kwenye vifuko kama vya majani ya chai.

Viungo vina thamani kubwa kuliko uzito wake. Askari aliye nje ya kambi kubwa hula chakula cha pakiti, ambacho kina nguvu ya kutosha, zaidi ya kalori 1,200 kwa mlo mmoja, lakini ladha yake inajirudia hadi inachosha. Kichupa cha pilipili ya unga, pakiti za mchuzi mix, au chai masala iliyosagwa nyumbani hubadilisha mlo wa mwezi mzima na havichukui nafasi hata ya jozi moja ya viatu. Tahadhari iko kwenye unga. Unga wa ugali uliomiminwa kwenye mfuko usio na maandishi ni unga mweupe usiojulikana machoni mwa mkaguzi, na tangu barua zenye kimeta zilipotumwa Marekani mwaka 2001, unga wa namna hiyo haupiti kirahisi. Utumwe katika pakiti ya kiwandani ambayo haijafunguliwa, na tu kama askari amesema ana mahali pa kupikia.

Mwili nao una mahitaji ambayo duka la kambi halikuyafikiria. Tuanze na miguu, maana askari asiyeweza kutembea ni mgonjwa kwa hesabu ya jeshi lolote, na katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 kule Ulaya jeshi la Marekani lilipoteza makumi ya maelfu ya askari kwa muda kwa sababu ya miguu iliyoharibiwa na baridi na maji. Soksi nzuri haziwi nyingi. Ila soksi zina masharti: rangi iwe inayokubalika na sare, na kitambaa kiwe sufu au pamba kwa wingi. Mwaka 2006 kikosi cha wanamaji cha Marekani kiliwakataza askari wake nchini Iraq kuvaa nguo za poliesta na nailoni wanapotoka nje ya kambi, kwa kuwa zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na jeraha linakuwa baya mara mbili. Fulana ya michezo ya bei ghali, ambayo mtu angedhani ni zawadi bora, inaweza kuwa hatari mahali hapo. Baada ya soksi huja poda ya miguu, mafuta ya midomo, mafuta ya kujikinga na jua, na vitambaa vya kujifutia vyenye unyevu pale maji ya kuoga yanapopatikana kwa zamu.

Hapa familia za Kiafrika zina jambo lao ambalo orodha za kawaida hulisahau. Wanaume wengi weusi wakinyoa ndevu kwa wembe kila siku, kama jeshi linavyotaka, nywele hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na kidevu kinajaa vipele vinavyouma chini ya kamba ya kofia ya chuma. Mashine ndogo ya kunyolea isiyokata nywele chini kabisa, pamoja na losheni aliyoizoea, humpunguzia mateso ya kila asubuhi. Kwa wanawake ni nywele. Jeshi la nchi kavu liliruhusu rasta kwa askari wa kike mwaka 2017, lakini ruhusa haijazi rafu za duka: mafuta, krimu na shampuu za nywele zetu ni adimu katika kambi ndogo. Mtumie zile alizokuwa akitumia, pamoja na pedi za aina anayoipenda. Binti wa heshima huenda asimtajie baba jambo hili, na ndiyo maana mama, dada au wifi amuulize kwa faragha.

Kuna wanaopinga, wakisema jeshi la Marekani ni tajiri na linawapa askari wake kila kitu. Kwa kambi kubwa kama Camp Lemonnier ya Djibouti, pingamizi hilo lina nguvu: kuna ukumbi wa chakula na duka, na kumtumia dawa ya meno ni kumpa asichokosa. Lakini hilo linathibitisha hoja yetu. Kwa askari wa huko boksi liwe la vitu visivyouzwa kambini, kama chai masala, picha zilizochapishwa, mchoro wa mtoto au kanga ya kujifunika, na kwa aliye kwenye kituo kidogo liwe la mahitaji. Wengine wanauliza kwa nini wasitume pesa tu. Pesa inafaa palipo na duka, au pale muuzaji wa mtandaoni anapokubali anwani ya APO, na si wote wanaokubali. Mahali ambapo hakuna cha kununua, pesa inabaki kwenye simu. Pingamizi zito zaidi ni la mzazi anayesema chakula cha mkono wake hakina mbadala. Ni kweli, na hatumwombi aache. Akaange karanga mwenyewe, asage masala mwenyewe, akaushe kashata mwenyewe: mkono wa mama unaonjwa hata kwenye vitu visivyooza.

Makanisa, misikiti na vyama vya jamii hupenda kukusanya michango ya vitu kwa ajili ya askari yeyote. Nia ni njema, lakini wizara ya ulinzi ilisimamisha utaratibu wa kutuma vifurushi kwa askari asiyetajwa jina mwaka huohuo wa 2001, kwa sababu za usalama. Chama kinachotaka kusaidia kitafute askari wa wanachama wake, kwa majina yao na kwa idhini yao. Anwani zao zisibandikwe kwenye makundi ya simu, maana jina la kikosi likiambatana na picha na tarehe humweleza adui mengi.

Vya kukataa kabisa ni vichache na havina mjadala. Pombe hairuhusiwi chini ya amri za jeshi katika nchi nyingi za Mashariki ya Kati, na picha za utupu pia. Nyama ya nguruwe imezuiwa kwa nambari nyingi za posta za eneo hilo, na Posta ya Marekani huonyesha mazuio ya kila nambari kwa anayeuliza. Makopo ya kupuliza, viberiti, manukato yenye alkoholi na rangi ya kucha havisafiri. Betri za lithiamu zinaruhusiwa tu zikiwa zimefungwa ndani ya kifaa chake, hivyo pawabenki hubaki nyumbani. Sabuni na vyakula visikae pamoja bila kufungwa kwenye mifuko yenye zipu, la sivyo korosho zitafika zikinukia sabuni ya kufulia. Fomu ya forodha ijazwe kwa maneno ya wazi, soksi za pamba jozi sita, majani ya chai gramu 500, kwani neno "zawadi" peke yake halitoshi.

Hesabu ya siku ndiyo inayokosewa zaidi. Kifurushi cha Krismasi kitoke mapema Novemba. Cha Ramadhani kitumwe wiki sita kabla ya mwezi kuandama, ili tambi na viungo vimkute Mwislamu kabla ya futari ya kwanza. Na askari akitaja mwezi wa kurudi, boksi la mwisho litangulie kwa wiki sita hivi, kwa sababu lile litakalofika akiwa ameondoka litarudishwa kwa mtumaji kwa mwendo uleule wa polepole. Ndani ya kila boksi, juu ya vitu vyote, iwekwe karatasi yenye anwani zote mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, endapo ile ya nje itachanika au kulowa.